Bwana Mbu na Jozi ya Sange

Kama ulikaa Tanga miaka ile ya hamsini na nyuma ya nyumba yako kulikuwa na dimbwi, basi Methusela ulimjua. Ndiye aliyekuja na upawa wake wa mpini mrefu, akachota maji yako machafu, akainama kuhesabu viluwiluwi vya mbu, kisha akainuka na kukugombeza mbele ya watoto wako. Watu wakamwita Bwana Mbu. Jina lenyewe hakulipenda hata chembe, kwa sababu mbu kwake walikuwa kazi ya serikali tu. Moyo wake ulikuwa kwa viumbe wengine wote wenye pumzi.

Alikuwa Msambaa wa Mlalo, Mlutheri, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Kiingereza alijifunza kwa ajili ya vitabu vya wanyama, na habari za ngwini wa kule kwenye barafu alizijua kuliko habari za shemeji zake. Siku moja mkewe, Dorkasi, alitia mkono katika mfuko wa koti la kanisani akakuta kinyonga. Alipiga ukelele uliomtoa jirani nje, na jirani alipoona kilichomo akaapa kutoingia nyumba ile tena. "Kinyonga hana sumu!" Methusela aliwaambia. Aliwaambia siku ile, akawaambia mwaka uliofuata, na wapi, ilikuwa kama kuimbia ukuta. Ndivyo alivyoishi mtu huyu. Alijua jambo, akalitangaza kwa ukali, na watu wakamwonea huruma Dorkasi.

Mwaka hamsini na sita akaja mtaalamu mmoja kutoka Ulaya, akapanga nyumba Raskazone, akawa anakusanya wanyama wa kupeleka kwenye bustani kubwa ya wanyama ya kwao. Alichokitaka zaidi ya vyote ni sange. Labda wewe hujawahi kumwona: ni mnyama mdogo, mkubwa wa panya buku hivi, mbele mwekundu, nyuma mweusi, miguu myembamba, na pua ndefu inayochezacheza majanini kutafuta wadudu kama mkonga uliosinyaa. Mtaalamu alikuwa amekwisha kumsikia Methusela na sifa zake zote, nzuri na mbaya.

"Nipatie jozi, dume na jike, walio hai," alimwambia, "nami nitakupandisha melini pamoja nao uwatunze. Utakaa kule mwaka mzima. Kuna maktaba, kuna darubini, kuna maprofesa. Lakini bila jozi wakubwa wangu hawatakubali."

Methusela alirudi nyumbani akitembea kama mwenye homa. Darubini! Maisha yake yote alikuwa akiuona ulimwengu kwenye picha za kurasa zilizoliwa na mende. Akaomba likizo, akapanda lori la nazi la Idarusi, wakavuka Pangani kwa pantoni, wakaendelea mpaka Mkwaja, kwenye vichaka vilivyojaa sange. Alifikia kwa Mzee Mwinyijuma, Mzigua, mtegaji ambaye hakuna mnyama aliyemshinda, na mkewe Bi Mwanamkasi. Akawaeleza shida yake, akairudia, akachora hadi picha mchangani. Walimwelewa vizuri kabisa. Tatizo halikuwa kuelewa.

Sange wa kwanza aliletwa asubuhi, amelazwa kwa heshima juu ya jani la mgomba, koo limekatwa safi.

"Nilisema hai!" Methusela alifoka. "Mzee wangu, nilisema hai au sikusema?"

"Ulisema, mwanangu. Tena alikuwa hai." Mwinyijuma alishangaa ghadhabu ile. "Tulipomtoa wavuni akaanza kukata roho. Macho kayapindua, anatweta. Tukamuwahi, bismillahi. Ulitaka tukuletee kibudu? Mgeni wetu?"

Na hapo ndipo penye balaa. Kwa watu wa Mkwaja, mnyama anayekata roho huwahiwa kwa kisu kabla pumzi haijaisha, ili awe halali. Kumwacha afe mwenyewe ni uzembe, na kumpelekea mgeni kibudu ni tusi. Sasa sange akinaswa hulegea. Hutweta, hupindua macho, hunyoosha miguu, ukamwona wa kuzikwa leo leo. Ukimweka kivulini, baada ya kitambo huinuka akaanza kunusa majani. Methusela aliyajua hayo na aliyaeleza kwa sauti iliyosikika msikitini. Wazee wakatikisa vichwa wakisema naam, naam, Bwana Mbu. Wa pili akaja amechinjwa. Wa tatu naye akaja amechinjwa. Kila mara Bi Mwanamkasi alimpika kwa nazi na kumwandalia mgeni, na nyama yenyewe ilikuwa tamu, jambo lililomuudhi Methusela kuliko yote.

Mwishowe akaenda mwenyewe kulala kifudifudi karibu na nyavu, akaumwa na siafu mahali pasipotajika, akapata dume. Siku ya pili yake akapata jike. Akawajengea kizimba cha fito uani kwa Mwinyijuma, akawa anawalisha mchwa kwa mkono wake. Jike alinenepa upesi. Methusela alitazama tumbo lile likijaa, akajisifu kuwa anajua kulisha. Mtu aliyeweza kukutajia majina ya mbu thelathini hakujiuliza zaidi ya hapo!

Ikafika siku ya lori la Idarusi kurudi Tanga. Meli ilikuwa ing'oe nanga Tanga kesho yake jioni. Methusela alitaka mchwa wa safari, akachukua jembe, lakini kabla hajatoka akamsimamisha Mwinyijuma mbele ya kizimba kama anavyosimamishwa mwanafunzi.

"Mzee, usiwaguse. Wakilegea waache. Wakitweta waache. Hata wakifa, nakuomba kwa Mungu wako na wangu, waache wafe!"

"Inshallah," alisema Mwinyijuma.

Methusela aliridhika na jibu hilo, akaenda zake.

Aliporudi, ndoo imejaa mchwa, alimkuta mzee ameketi kwenye kigoda, kisu kimeoshwa, kimelazwa kando. Hakuwa na haja ya kuuliza. Ndoo ilimponyoka.

"Huyu jike alikuwa anakufa kweli, mwanangu," Mwinyijuma alisema upesi. "Si kule kulegea kwao. Wallahi nilivumilia. Mbavu zinakwenda juu chini, anajikaza, anatetemeka, analia. Nimechinja wanyama tangu utotoni, kifo nakijua. Ningemtazama tu?"

"Ungemtazama tu! Ndiyo! Ungemtazama tu!" Methusela alipiga kelele hata kuku wakatawanyika. Alisema maneno ambayo mtu hamwambii mwenyeji wake, wala mtu mwenye mvi. Alisema habari za meli, za darubini, za mwaka mzima aliokwisha kuupanga kichwani siku kwa siku. Mzee aliinamisha kichwa akapokea yote.

"Baba, hebu nyamaza," ilisikika sauti ya Bi Mwanamkasi kutoka jikoni. "Njoo uone."

Alikuwa amekaa na kisu kidogo cha kuchunia, na juu ya mapaja yake, kwenye pindo la kanga, kulikuwa na kitu chenye majimaji kinachojongea. Alipokuwa akimpasua yule jike alihisi tumbo likicheza chini ya vidole vyake. Jike hakuwa anakufa. Alikuwa anazaa.

Methusela alipiga magoti. Kitoto kile kilikuwa kimoja tu, kidogo kama kidole gumba, lakini manyoya kinayo, macho kimefumbua, na kale kapua kalikuwa tayari kanachezacheza. Miaka mingi alikuwa amebishana na vitabu vyake juu ya jambo hili, ikiwa sange huzaliwa kipofu na uchi kama panya au huzaliwa kamili. Sasa jibu lilikuwa linamnusa kiganja. Kwa dakika hiyo alisahau kukasirika.

Halafu lori likapiga honi.

"Ni jike," Bi Mwanamkasi alisema baada ya kukigeuza.

"Basi!" Mwinyijuma aliruka kutoka kigodani, uso umemchangamka. "Dume unaye kizimbani, jike huyu hapa. Jozi yako imetimia. Alhamdulillahi! Nenda, mwanangu, uiwahi meli yako."

Kweli, mtaalamu hakuwa amesema umri. Methusela alisimama na kanga ile mikononi akapiga hesabu zake. Jua kali, vumbi, mitikisiko ya kutwa nzima, foleni ya pantoni. Kitoto cha saa ile kilitaka joto na maziwa kila mara. Kabla ya Pangani kingekuwa kimekufa, na pale Raskazone angefika na dume mmoja na tambara. Au akiache hapa, aende na dume peke yake, akaombe, akapige magoti. Mtaalamu alikuwa mtu mwema, pengine angekubali.

"Niachie mimi," Bi Mwanamkasi alisema. "Nimelea wanangu saba, nimelea na mbuzi."

"Wewe utakilea. Huyu je?" Methusela alimnyooshea kidole mzee. "Kikipiga chafya tu, huyu atakiwahi!"

Mwinyijuma alifungua kinywa aape, kisha akakifunga. Hakuwa mwongo.

Laiti kingekufa, Methusela aliwaza. Laiti kingekufa sasa hivi mkononi mwangu niende zangu. Aliona haya kwa wazo lile, na haya ile ikamwongezea hasira. Idarusi alikuja mwenyewe mpaka uani, akijifuta jasho, akasema nazi zimekwisha kupakiwa na pantoni haimngojei mtu.

"Bwana Mbu, unapanda hupandi?"

Methusela alichovya kidole katika kifuu cha maziwa ya mbuzi alichosogezewa. Akakiweka penye ile pua. Ilinusa, ikatafuta, kisha kinywa kidogo kikashika.

"Kamwambie mtaalamu jozi sina," alisema. "Nenda! Unanitazama nini? Mnanitazama nini nyote? Nenda!"

Idarusi akaenda. Lori likanguruma, likashika njia ya Pangani, na Methusela akalisikiliza mpaka sauti ikapotea kabisa. Akaanza tena kugomba. Alimgombeza Mwinyijuma, akaigombeza meli na Ulaya nzima, akamgombeza yule jike aliyeshindwa kungoja hata siku mbili. Katikati ya maneno sauti ikamkatika, akalia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake, huku kidole chake kikinyonywa.

Bi Mwanamkasi akachukua kifuu, akaenda kuongeza maziwa.