Kijapani nlichokihifadhi kama juzuu

Jamani wa barazani, leo nimeulizwa jina langu nkashindwa kulitaja!

Mimi! Mwenye ulimi mrefu kuliko nyote Ng'ambo nzima!

Mnaijua ile kazi ya ukalimani bandarini, kwenye meli ya Wajapani. Leo ndiyo siku ya mtihani. Kitabu cha Kijapani nshakihifadhi chote, kwa sauti, huku nayumba, vilevile tulivyohifadhi juzuu za Kurani chuoni. Haji, aliyeiomba kazi hiyo hiyo, nkimcheka, maana yeye kutwa yuko Forodhani anapiga soga na mabaharia wao.

Basi nkaingia. Mjapani akaniuliza. Swali nalijua! Limo somo la nne, na jibu lake linafuata hapo hapo.

Lakini kulifikia, lazima nianzie somo la kwanza.

Nkaanza. Nkayumba. Mjapani akainua mkono, akauliza tena.

Nkarudi mwanzo, wallahi.

Karani aliyekaa pembeni akanambia, "We kijana, anakuuliza jina tu. Unamsomea khitma?"

Akaitwa Haji. Akajibu maneno mawili matatu, ya kubabaisha, wakacheka pamoja na Mjapani wake. Kazi kaipata.

Msinicheke. Mama keshawatangazia majirani kuwa mwanawe mkalimani, na mpaka sasa sijaingia ndani.

Nyie mliosoma, hebu nambieni, lugha ya watu husomwaje? Maana kitabu kizima nnacho kichwani, na sina hata neno moja la kumwambia mtu.