Habu ya Kushoto

Siku hizi watu huniletea gereji magari makubwa ya forwili yanayong'aa kama sufuria mpya, na nikiuliza yametoka safari gani, naambiwa yametoka harusini. Mwenye gari hajui hata forwili inaingizwaje. Akibonyeza kitufe ni kwa bahati mbaya, kisha ananipigia simu kwamba kuna taa imewaka na anaogopa gari litalipuka. Siwacheki usoni, kwa kuwa ndio wanaonilisha. Lakini kila ninapofunga boneti ya gari la namna hiyo namkumbuka shemeji yangu na gari lake la forwili, jipu la zamani, na hasira hunipanda bila mtu yeyote kunikosea.

Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa dereva wa idara ya maji. Magari ya aina ile yalitengenezwa kwanza kwa ajili ya askari, na vita vilipokwisha yakaenda kwa watu wengine wenye kazi za shida: wapima ardhi, wachimba visima, madaktari wa mifugo. Aliyeyabuni hakuwa na mpango wa kumstarehesha mtu. Viti ni vigumu kama benchi la mahakamani, joto la injini linakupanda miguuni, na mvua ikinyesha nje, ndani nako inanyesha kidogo. Jipu la shemeji lilikuwa limeshakula chumvi nyingi kabla yeye hajakabidhiwa funguo. Aliliendesha kikazi miaka kumi na tisa, akibeba mabomba, saruji na wahandisi wenye kulalamika. Idara ilipopata magari mapya, lile likapigwa mnada, na shemeji ambaye alikuwa anastaafu mwaka uleule akalichukua. Wenzake walicheka sana. Mtu anaacha kazi, walisema, halafu anainunua na kwenda nayo nyumbani.

Dada yangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Jipu alilibatiza jina la Mke Mwenzangu. Ukifika kwao asubuhi ukamkuta shemeji chini ya gari, dada atakwambia yuko kwa bibi mdogo, leo ni zamu yake. Shemeji akinunua oili, dada anauliza kwa sauti ya kuonewa kama na yeye ataletewa mafuta ya nywele. Hata hivyo hakuna mwanamke aliyemjua mke mwenzake kama yeye alivyolijua gari lile.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la ufundi, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwenye gari la zamani huwezi kuingiza forwili, yaani kuyapa nguvu magurudumu yote manne, kwa kuvuta gia tu. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifuniko cha chuma tunachokiita habu, nacho kina kizungushio kinachoenea kiganjani. Kwenye barabara nzuri habu zinaachwa huru, ili vyuma vya mbele visichoke bure. Ukifika kwenye tope unashuka, unafunga habu ya kulia kwa mkono, unafunga na ya kushoto, ndipo unarudi kuvuta gia. Lazima zote mbili. Ukifunga moja ukasahau nyingine, nguvu yote ya mbele hukimbilia upande ulioachwa huru na kuzunguka bure ndani kwa ndani. Gari lako la kutisha linakuwa halina tofauti na teksi.

Tangu wiki za mwanzo za ndoa yao, shemeji alipoanza kumchukua dada kwenye safari za visima, waligawana. Shemeji alishuka upande wake wa usukani akafunga ya kulia, dada alishuka upande wake akafunga ya kushoto. Kisha dada alipanda, akafunga mlango kwa kishindo, maana mlango ule haukujua lugha nyingine, akasema neno moja: "Kushoto." Maana yake ni tayari, twende. Shemeji hakuuliza zaidi. Akilisikia neno lile, mkono unaingiza gia. Dada aliipaka habu yake alama ya rangi ya kucha, nyekundu, ili aone upesi kama imefika mahali pake. Mpaka nyumbani walitumia neno hilo. Dada akishafunga mlango wa nyuma kabla ya kulala alisema kushoto, na shemeji akazima taa. Mimi niliwaambia wote wawili wana wazimu.

Baada ya kustaafu walihamia shambani kwao, ng'ambo ya kilima, ambako lami inaishia mbali kabla hujafika. Kipande cha mwisho ni udongo wa mfinyanzi. Kiangazi ni vumbi jekundu, masika ni sabuni. Kila mtu alikaa ndani mvua ilipozidi, isipokuwa wale wawili. Waliwashusha hospitali wajawazito, walioumwa na nyoka, na mwalimu mmoja aliyeanguka kutoka juu ya paa la shule. Hakuna hata mmoja waliyemchelewesha. Shemeji alijivunia hilo mno, na mimi nilijivunia kwa niaba yake, kwa kuwa nilikuwa fundi wa gari.

Dada alianza kusumbuliwa na pumu utu uzima ulipomwingia. Masika moja ilimbana mchana, saa saba, dawa ya kuvuta ikagoma kumsaidia. Binti yao, ambaye ni mshonaji mjini, alikuwa amekwenda kuwasalimu. Walitandika godoro nyuma ya jipu, binti akamkalisha mama yake akiwa amemwegemeza kifuani, wakaondoka. Bondeni chini ya kilima shemeji alisimamisha gari, akashuka kwenye mvua kufunga habu, akarudi mbio, akaingiza forwili. Walikwenda hatua kama hamsini. Jipu likazama, magurudumu ya nyuma yakizunguka, ya mbele yakiwa yametulia kama hayawahusu.

Shemeji alichimba kwa koleo, akachimba kwa mikono. Alipoona mbele hakusogei, alijiambia shafti, chuma kinachopeleka nguvu magurudumu ya mbele, imekatika, na dereva akishasadiki hivyo hatafuti sababu nyingine. Saa kumi kasoro lilipita trekta la shamba la jirani, likawabeba kwenye tela. Dada yangu alikuwa ameshakata roho kabla ya trekta kufika. Daktari aliyempokea alisema wangewahi saa moja tu mapema angempa hewa na dawa, na huenda angerudi nyumbani. Sijui kwa nini madaktari husema mambo kama hayo. Labda hudhani tunataka kujua.

Siku ya tatu baada ya mazishi shemeji aliniita pembeni. Alikuwa hajanyoa, na macho yake yalikuwa yameingia ndani. Aliniambia niende bondeni nikaliulize lile gari kwa nini lilimkataa siku ile moja. Akasema hatakula vizuri mpaka ajue.

Nilikwenda peke yangu. Jua lilikuwa limeanza kuukausha udongo, na jipu lilikuwa limekaa palepale, limeinama mbele. Nilichimba upande wa kulia nikakuta habu imefungwa sawasawa. Nikahamia kushoto, nikaondoa tope kwa vidole, nikatoa kitambaa mfukoni nikafuta mpaka ile rangi ya kucha ikaonekana. Alama ilikuwa mahali pa kuachia. Habu ilikuwa huru.

Niliifunga kwa mkono wangu. Nikawasha, nikaingiza gia, na jipu likatoka shimoni bila hata kunung'unika. Nilisimama pale juu ya barabara, injini ikinguruma, nikatukana matusi ambayo sikuwa nimeyatamka tangu ujana. Hakuna kilichokatika. Upande wa kushoto haukuwa wa shemeji, ndiyo maana haukumjia akilini. Mwenye upande wa kushoto alikuwa nyuma, anatafuta pumzi.

Ningeweza kubaki na hilo tu. Lakini nilipofika na jipu mjini, mpwa wangu alinifuata gereji, akaketi juu ya tairi bovu, akaniambia jambo lililokuwa likimla.

"Mjomba, mama hakuondoka na amani na mimi," alisema. "Alikuwa anasema kushoto, kushoto. Nikamlaza ubavu wa kushoto. Akatikisa kichwa. Baba yuko nje anachimba, nami namgeuza huku na huku, na yeye anasema kushoto. Sikujua anataka nini."

Nilimwambia mgonjwa aliyeishiwa pumzi husema lolote, asijitese. Nilizungumza huku nimemgeuzia mgongo, nikijifanya natafuta spana. Spana nilikuwa nimeishika.

Tangu akiwa tumboni alikuwa akilisikia neno lile, lakini kwake yeye lilikuwa utani wa wazazi, neno la kuzimia taa. Aliolewa mapema akahamia mjini. Hajapata kufunga habu maishani mwake.

Nilikaa na jambo lile siku mbili. Nikimwambia shemeji ukweli, nitakuwa nimemwambia kwamba kilichomkosesha mkewe ni mkono wake mwenyewe, kwa kazi ya sekunde tano. Mtu wa miaka sitini na nne, anayeishi peke yake ng'ambo ya kilima, na kamba za kuvutia magari tele ghalani. Nikaamua kudanganya. Sikuona aibu, na mpaka leo siioni.

Lakini gereji yangu ina desturi yake, na desturi hiyo niliianzisha mimi mwenyewe. Mteja haondoki kabla hajaonyeshwa kifaa kibovu kilichotolewa garini mwake. Mafundi wengi ni wezi, na mimi sikutaka kuhesabiwa nao. Kile kifaa kibovu tunakiita maiti. Shemeji alipenda sana utani huo. Kila nilipomtengenezea jipu alinyoosha mkono na kuuliza, maiti yangu iko wapi, nami nikamfungia kwenye gazeti akaenda kuizika ghalani.

Basi nilichomoa shafti ya mbele, nzima, haina kosa lolote. Nikaibana kwenye jiriwa, nikaikata kidogo kwa msumeno wa chuma, nikaipiga kwa nyundo kubwa mpaka ikaachana. Mikono iliniuma siku nzima. Nikaipaka tope na grisi, nikaifunga kwenye gazeti.

Shemeji aliipokea bila kuifungua. Nilimwambia ilikatika pale bondeni, kwamba chuma huchoka, kwamba hata ningekuwa mimi kwenye usukani nisingefanya kitu. Aliitikia kwa kichwa. Neno maiti hakulitaja. Aliuliza tu kama na upande wa pili niliukagua, nikasema niliukagua, akanishukuru kama mteja asiyenijua.

Ilipita miezi mitano. Jipu lilibaki kwangu nyuma ya gereji, hakuliulizia. Nilikuwa nikipanda kilima kumwona kila nilipopata nafasi, nami nilianza kuamini kwamba tumepona. Siku moja ya Jumapili, saa tisa alasiri, nilimkuta ameketi sebuleni, na juu ya meza mbele yake kulikuwa na lile gazeti limefunguliwa. Shafti alikuwa ameisafisha kwa mafuta ya taa mpaka inang'aa. Mpwa wangu alikuwa jikoni anachemsha chai, vikombe vinasikika.

Shemeji alinionyesha kiti. Alikiokota kipande kimoja akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Chuma kikikatika kazini hujisokota kwanza," alisema. "Hiki hakijasokotwa. Hiki kimepigwa."

Nilimtazama dereva wa miaka arobaini na nikajiona mpumbavu, kudhani ningemdanganya kwa chuma.

"Ni habu, sivyo?" aliuliza.

"Ndiyo, shemeji."

"Ya kushoto."

"Ya kushoto."

Alikirudisha kipande mezani polepole, akakilinganisha na mwenzake kana kwamba wangeweza kuungana. Nilitaka kumwambia kwamba angesahau mtu yeyote, kwamba ilikuwa mvua, kwamba ilikuwa hofu. Hakunipa nafasi.

"Nililisikia," alisema. "Nilipoingia garini nimelowa, nilimsikia nyuma amesema kushoto. Nikaingiza gia."

Nilikuwa nimeyapanga yote kichwani mwangu isipokuwa hilo. Nilidhani injini na mvua vilimziba masikio. Kumbe neno lilimfikia vizuri kabisa, kama lilivyomfikia miaka yote ya ndoa yao, na mkono ukafanya kile ulichozoea kufanya. Dada alikuwa anamkumbusha. Yeye akasikia, tayari, twende.

"Mtoto amekwambia alivyokuwa akimgeuza?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nikasema ameniambia.

"Akijua mama yake alikuwa anasema nini, hatalala tena. Mimi nishazoea kutolala." Akaanza kukifunga kifaa, kisha akaacha. "Akiuliza, ni shafti."

"Ni shafti, shemeji."

Mpwa wangu aliingia na sinia la chai. Alisimama alipoona vile vipande viwili mezani, akauliza kama ndicho chenyewe. Baba yake akamjibu kwamba ndicho, kilikatika bondeni, chuma huchoka. Aliliweka sinia chini, akakikodolea macho kile chuma kwa chuki ambayo sijapata kuiona usoni mwa mtu, kisha akakisukuma kando ili apate nafasi ya vikombe. Chuma kisicho na kosa hata kidogo. Sisi wawili tukamwachia akichukie.