Plasta Usoni mwa Kabasele

Wiki ileile tuliyombandua Kabasele plasta usoni, Kabasele akapotea.

Hakuaga. Hakuchukua nguo. Mkewe, mama Wivine, alipoulizwa alisema amesafiri, akafunga mlango.

Nikasema sawa. Kolwezi watu wanasafiri. Mchimbaji akisikia kuna shimo jipya mahali, hata sahani anaiacha mezani.

Kisha akapotea Mukuna. Naye tulikuwa tumemtoa sura.

Hapo mtaa ukaanza kunitazama vibaya. Na mimi, sifichi, nikaanza kuitazama vibaya ile nyumba niliyokuwa nafanyia kazi.

Ngoja niwapangie vizuri, maana najua mtandaoni hamkosi watu wa kusema nimetunga.

Naitwa Jessica. Ni mchongaji, naishi Manika, hapa Kolwezi. Nafinyanga vichwa vya watu kwa udongo wa kichuguu. Mama yangu, mama Kabedi, aliita kazi hiyo "kucheza matope" mpaka siku nilipochaguliwa kwenye mpango wa kubadilishana wasanii chipukizi.

Mpango wenyewe hivi: msanii wa Ulaya anakuja kukaa Kolwezi, anafanya kazi na mimi. Baadaye mimi naenda kukaa kwao, nafanya kazi na yeye. Mimi niliyekuwa sijavuka hata Likasi! Nililia kwa furaha, mama akanifuta na ncha ya kitenge.

Aliyeletwa ni Charlotte, Mbelgiji. Mwembamba, huruma imemzidi. Mbwa akimbwekea anamwomba radhi.

Mratibu wa hapa kwetu alikuwa tata René, "tata" kwetu ni baba, ni heshima. Shati limepigwa pasi, Kifaransa laini, viatu haviguswi na vumbi, na Kolwezi vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Yeye ndiye aliyetafuta nyumba ya kufanyia kazi. Yeye ndiye aliyewaleta wachimbaji. Na kila tulipofanya kazi alikuwepo. Alivuta kiti karibu kabisa, akakaa, akatazama.

Nilidhani anapenda sanaa. Nilimheshimu kwa hilo.

Wazo lilikuwa la Charlotte. Wachimbaji wetu wanatoka kila kona ya Kongo, wanachimba shaba na kobalti, wanakufa, na nyuma hakibaki kitu. Basi tuzitoe sura zao kama zilivyo, zikatundikwe mahali dunia itaziona.

Tulifanya hivi. Unampaka mtu mafuta usoni. Unamwekea mirija puani apumue. Halafu unamfunika uso wote kwa plasta, ile wanayofungia mifupa hospitalini. Macho, mdomo, vyote. Analala chali mpaka ikauke. Haoni, hasemi, anasikia pumzi yake tu.

Jamani, watu wanaogopa! Mtu anashuka ardhini kila siku, lakini ukimfunika uso anarusha miguu kama kuku. Wengi waliing'oa plasta wakakimbilia uani, wenzao wakawacheka.

Kwa hiyo kazi ya kuwatuliza ilikuwa yangu. Kiswahili cha Charlotte kiliishia "jambo", mimi na yeye tulisemezana Kifaransa. Nilimshika mtu mkono nikamwambia polepole:

"Tulia, kaka. Ukisikia hewa inapunguka, usiinuke. Pumua kidogo kidogo. Hewa iko, inakuya. Bakia vile mpaka mi niseme."

Kabasele alikuwa bingwa. Alilala kama yuko kitandani kwake. Nilimsifu mbele ya watu wote.

Tata René akatabasamu. "Huyu eko na roho nguvu," akasema.

Siku moja mama akaniletea bukari, ugali wetu, mchana. Akaziona sura tulizokwisha kutundika ukutani. Akaliweka bakuli mezani.

"Jessica, bantu hawa bote bamefunga macho juu ya nini?"

"Ni plasta, mama. Ukifungua macho inaingia."

"Sura ya muntu mwenye kufunga macho njo sura ya mufu. Mi sikuzala mutoto wa kutundika bantu bafu ku ukuta."

Nikacheka. Akaniachia chakula akaondoka bila kukaa, na mama yangu si mtu wa kuondoka bila kukaa.

Ndipo wakaanza kupotea. Kabasele. Mukuna. Kisha wengine. Na kila aliyepotea, sura yake ilikuwa kwetu.

Sokoni wauzaji wakawa wananiwekea mboga chini badala ya kunipa mkononi. Mawe yakaanza kutua juu ya bati la nyumba. Akina mama wakipita barabarani walisema wazi, hawakunong'ona:

"Ule muzungu eko nakula bantu!"

Charlotte akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasalimia.

Lakini moyoni nilikuwa nimeshaingiwa. Mchana mmoja niliingia nikamkuta peke yake mbele ya sura ya Mukuna, kiganja amekiweka juu ya lile paji jeupe, midomo inacheza. Aliponiona akashtuka kama mwizi. Nilichukua mkoba wangu nikaenda nyumbani bila kuaga.

Ningeacha kazi siku ile. Haki ya Mungu ningeacha. Lakini nani anaacha tiketi ya Ulaya kwa sababu ya maneno ya sokoni?

Sasa sikieni habari za Gael.

Gael ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Si mchimbaji, alikuwa anauza vocha za simu. Ni mpole, mchekeshaji, na haambiliki. Alikuja kututembelea, akataka naye atolewe sura.

Mara ya kwanza aliing'oa plasta kabla haijashika. Akakaa pale anahema, uso mweupe nusu, wenzake wanagaragara kwa kicheko. Tata René peke yake hakucheka.

"Jaribu tena," alimwambia. "Mwanaume hashindwe na unga ya mayi."

Gael akalala tena. Nikamshika mkono. Safari hii alivumilia mpaka mwisho, vidole vyake vimenibana hadi kucha zikaniacha alama. Tata René akasimama, akampa mkono kama anampongeza kwa diploma.

Juma halikuisha, Gael hakurudi kula.

Simu imezimwa. Vocha zake ziko chini ya kitanda. Mama akakaa mlangoni, hali, halii. Anasema neno moja tu, kila nikipita:

"Mutoto wangu eko wapi?"

Nilienda kwenye ile nyumba nikamkamata Charlotte kifuani. Mimi nikikasirika sina adabu. Nikampigia kelele arudishe mdogo wangu. Akalia mpaka akakosa pumzi. Akasema naye amemwuliza René mara nyingi, na René anamjibu kwamba wachimbaji ni watu wa kuhamahama, asijali. Ile siku niliyomkuta mbele ya sura ya Mukuna alikuwa anamwombea. Basi.

Nikamwangalia. Mtu anayemwomba radhi mbwa hali watu. Nikamwachia.

Nikaenda kwa mama Wivine, mke wa Kabasele. Nilisukuma mlango bila kubisha.

"Mama Wivine, Gael naye amepotea."

Macho yake yalienda pembeni, kwenye gunia la unga wa bukari. Jipya, halijafunguliwa.

"Tata René njo anatuma," akasema mwishowe. "Kila juma. Alisema nikifungula kinywa, bwana yangu atapoteza kazi."

"Kazi gani?"

"Shimo. Ku barabara ya Lubudi, nyuma ya tanuru ya matofali, kwenye iko lupango, ukuta ya bati. Serikali ilikatala bachimbe pale. Njo maana bantu habatoke mule mpaka kazi iishe. Basipate kusema."

"Na Kabasele ni muzima?"

"Unga inafika juzi," akasema, na akajaribu kucheka. "Mufu anatuma unga?"

Nililitazama tena lile gunia lililofungwa. Kisha nikakimbia nyumbani.

Nilimpa mama habari yote. Nilitegemea ataanza kulia. Akasimama, akakaza kitenge.

"Banaume bakienda, batapigana na balinzi, batapigwa," akasema. "Siye tutaenda kukaa tu."

Hapa lazima niwaeleze wageni. Kwetu mwanamke hakaribii shimo la madini. Wachimbaji wanaamini akifika mdomoni mwa shimo, mawe yanakimbia. Mshipa unapotea ardhini, na aliyeko chini inabidi apande haraka, kwa sababu ardhi imekasirika. Hata sisi tuliwatoa sura mle nyumbani kwa sababu hiyo, mashimoni tungefukuzwa. Miaka yote nimeuchukia mwiko huo.

Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwamba upo.

Tuliondoka mchana kweupe, akina mama wa parokia, vitenge vya sare, kila pikipiki imepakia wawili. Mama Wivine alikuwa mbele yangu. Hakugeuka hata mara moja.

Walinzi walitoka kwenye ukuta wa bati wakiwa na virungu. Walipoona ni akina mama, wakarudi nyuma wao.

"Bamama, hapana! Musifike! Majibwe itakimbia!"

Mama akaendelea kutembea.

"Ikimbie," akasema. "Na mutoto wangu naye akimbie."

Kijana wa kumsukuma mwanamke wa umri wa mama yake hakupatikana pale. Tukaingia. Shimo lilikuwa katikati, dogo, kama la choo. Kando yake kompresa, mashine ya kusukuma hewa chini, inanguruma na kukohoa, mpira wa hewa umeshuka gizani. Mama akakaa ukingoni, miguu akaining'iniza ndani. Sisi wengine tukakaa kumzunguka.

Mlinzi mmoja akashika kichwa. Kisha akainama akapiga kelele chini:

"Bamuke beko ku shimo! Mutoke! Mutoke bote!"

Kamba ikaanza kutikisika.

Walitoka mmoja mmoja. Vumbi limewafunika uso mzima, na jua likawafanya wafumbe macho. Kila aliyetokeza kichwa nilimjua. Mukuna. Na yule mchimbaji aliyetoka Kapanga. Na yule tuliyemtoa sura wa mwisho kabla ya Gael. Wote walikuwa ukutani kwangu, sura hizohizo.

Na hakuwepo hata mmoja kati ya wale walioing'oa plasta wakakimbia uani.

Hata mmoja! Nikahisi baridi juani.

Gael alitoka wa mwisho. Mama alimvuta kwa masikio kama anamzaa upya, na hapo ndipo akalia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mama Wivine hakuangalia. Alikuwa bado anachungulia chini.

"Bado mumoja," akasema. "Kabasele bado."

Wanaume wakatazamana. Mukuna akanitazama mimi.

"Kule chini tunachimba na kulala tumbo," akaniambia. "Njia ni kidogo. Kompresa ikikufa na muntu akiogopa, anafunga njia, anapiga benzake, kazi inasimama. Tata René alikuwa natafuta bantu bale habaogope. Njo alikuwa nakaa mu kiti kwenu."

Akafuta vumbi usoni, akaendelea.

"Juma mi nilifika, kompresa ikakufa. Tata René akaita mu tiyo, ule mupira ya hewa: 'Mulale! Mukumbuke Jessica alibafundisha nini! Hewa inakuya!' Mi nilikimbia, nikakanyaga bantu. Kabasele alibakia. Alisema tungoje. Alilala muzuri, mikono ku kifua, vile vile ku plasta ya kwenu."

"Na hewa?" mama Wivine akauliza.

"Haikuya, mama."

Mama Wivine akanigeukia. Halafu akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye ningejua:

"Na ule unga ya juzi?"

Gael alikuwa amenishika kiwiko. Kucha zake zilikuwa zimevunjika.

"Yaya," akaniita mimi dada yake, kwa sauti ndogo. "Leo asubuhi kompresa imekufa tena kidogo, halafu ikawaka. Hata tata René hakuwe pale, mi nilikuwa nimeisha kulala. Nilikuwa nakungoja weye useme niinuke."

Nilimpiga kofi. Sijui kwa nini nilimpiga. Kisha nikamkumbatia mpaka akanisukuma apate kupumua.

Tata René hakuonekana tena Kolwezi. Shati lake moja lilibaki nyuma ya mlango wa ile nyumba, nikalichoma. Charlotte nilimsindikiza mwenyewe akirudi kwao, kwa sababu mtaa ulitaka kumchoma yeye. Mtego wa panya huingia aliyemo na asiyekuwamo. Ameniandikia mara nyingi kwamba nafasi yangu kwao bado ipo. Sijamjibu. Nikikaa kumjibu namwona Kabasele amekunja mikono kifuani.

Mwili wake haukutolewa. Ile njia ilishajifunga. Mama Wivine alikuja kuchukua sura yake, akaiweka mkekani, tukaililia hiyo.

Gael sasa anaendesha taksi-moto, yaani bodaboda, hapa Manika. Yuko salama, anakula. Lakini kanisani hawezi kukaa. Mahubiri yakirefuka kidogo, anasimama, anakanyaga watu miguu, anatoka. Waumini wanageuka. Padri ananyamaza. Jumapili iliyopita mama alimshika shati amrudishe kwenye benchi.

Nikaushika mkono wa mama, nikautoa.

Na wewe unayesoma, mwanao au mdogo wako, usimfundishe kutulia tu. Wako watu wengi duniani wanaotafuta aliyetulia. Mfundishe pia kwamba kifua kikimwambia toka, atoke, hata kama wamekaa wakubwa, hata kama wanacheka. Radhi ataomba akiwa nje.