Herufi Alizozifuta Kaka

Simu iliita saa nne asubuhi, mshonaji akiwa katikati ya mshono wa bega. Aliona jina la wifi yake, akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Wifi, uko na nani hapo?"

"Niko na sare za shule tu. Sema."

"Kaka yako ametutoka. Wamemfunika sasa hivi."

Hakulia papo hapo. Aliuliza kama kaka aliumia, akaambiwa hapana, alilala kama mtu aliyechoka, na ule moyo uliomsumbua mwaka mzima ukasimama. "Ni wa Mungu," akasema. "Sisi tulikuwa tumeazimwa." Ndipo machozi yakaja, yakalowesha sare ya mtoto wa watu.

Waliokuja kutoa pole hawakujua vizuri marehemu alifanya kazi gani. Mjomba alisema alikuwa fundi kompyuta; jirani akabisha, akasema karani. Mshonaji ndiye aliyejua. Kaka yake aliandika maelekezo kwenye tovuti ya kampuni inayouza pampu za maji. Fundi akikwama kisimani, anafungua simu, anatafuta ukurasa wa pampu ile, anasoma waya upi unaingia wapi. Kurasa hizo ndizo zilizokuwa mikononi mwa kaka. Ofisini walimwita Bwana Ukurasa.

Tovuti ya zamani ilikuwa na sura mbaya, maneno yamebanana kama kuni kwenye mzigo, michoro yote nyeusi na nyeupe. Kaka akaijenga upya. Akaipa nafasi, akaipa rangi, akachagua maandishi ya kijivu laini. Kwenye michoro kila waya ulikuwa na herufi yake. Akazifuta zote, kwa kuwa aliona zinachafua picha. Rangi zinatosha, alisema: mwekundu, wa kijani, mweusi. Meneja alifurahi, akamtundikia cheti ukutani, akamfanya mkuu wa kitengo.

Miezi mitatu baadaye, fundi mmoja ambaye wenzake walimwita Bomba akaunganisha waya vibaya, akaunguza mota ya pampu mpya. Ikasemwa kwamba Ijumaa ataachishwa kazi.

Jumatano jioni kaka alifika kwa mshonaji na uso wa mtu aliyekwamwa na mfupa.

"Mdogo wangu, nimetoka kwa Bomba. Amenieleza mwenyewe. Tangu azaliwe, nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja. Miaka tisa amefanya kazi kwa kufuata herufi."

"Na herufi ziko wapi?"

"Nilizifuta."

Mshonaji alitikisa kichwa. "Wewe na usafi wako. Hata utotoni ulikuwa unasugua kikombe mpaka unang'oa maua."

"Usinicheke. Ameniomba nisitaje macho yake. Wakijua, hakuna atakayempa kazi tena, na ana watoto wanne. Nikinyamaza, anafukuzwa. Nikisema, nimemuuza."

Mshonaji alichukua rola mbili za uzi, akampa. "Ipi nyeusi, ipi ya buluu iliyokolea?"

Kaka akazipeleka dirishani, akazigeuza, akachagua, akakosea. Ndani ya kila rola palikuwa na kikaratasi chenye jina la rangi.

"Macho yangu ni mazima, na bado naandika," mshonaji akasema. "Giza likiingia kidogo tu, hakuna anayezitofautisha rangi hizi. Sasa Bomba umtaje wa nini? Taja ukurasa."

Siku ya Ijumaa, kama alivyomsimulia dada yake baadaye, kaka aliuchapisha ukurasa ule kwa mashine ya ofisi isiyotoa rangi, akauweka mbele ya meneja.

"Naomba uniambie, waya upi unaingia wapi."

Meneja akautazama, akaugeuza. "Huu hauna rangi."

"Mafundi wengine wanauchapisha hivi hivi. Na juani, simu nayo haionyeshi rangi vizuri. Zamani kila waya ulikuwa na herufi. Nilizifuta mimi."

"Wenzake Bomba kumi na wanane wameusoma huo huo. Hakuna aliyeunguza kitu."

"Basi tulibahatika mara kumi na nane, mzee. Kosa ni langu. Kama kuna barua ya onyo, iandikwe kwa jina langu."

Ikaandikwa. Bomba akabaki kazini. Cheti kikashushwa ukutani, na kaka akaondolewa kwenye ukuu wa kitengo. Hakulalamika. Alirudi kwenye kurasa zake, mia mbili na zaidi, akazirekebisha mmoja baada ya mwingine. Herufi zikarudi kwenye waya. Maandishi ya kijivu yakawa meusi. Vitufe akavipanua ili kidole chenye grisi kisikose, na chini ya kila picha akaandika maneno, ili hata anayesomewa na sauti ya simu aelewe. Kila Jumamosi alikuja kwa mshonaji na kumpa simu: "Tafuta namna ya kuisafisha pampu. Mimi sisemi neno." Mshonaji alipopotea, kaka aliandika daftarini tu, bila kujitetea. Miaka miwili alifanya hivyo, hata pale ngazi za ofisi zilipoanza kumkata pumzi. Ukurasa wa mwisho aliumaliza wiki tatu kabla ya kulazwa.

Walimzika mchana, kesho yake baada ya simu ile ya wifi. Meneja alisoma miaka ya utumishi wa marehemu. Mchungaji alipotaka kuendelea, Bomba akatoka kwenye safu ya mafundi, kofia mkononi.

"Mimi sijui kuhutubia," akasema. "Macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Marehemu alijua, akabeba lawama, wala hakunitaja. Nimeona aibu azikwe na kosa lile peke yake. Kwa hiyo najitaja mwenyewe."

Meneja akasogea, akampa nafasi ya kusimama kando yake. Mshonaji, aliyeificha siri hiyo hata kwa mume wake, alishusha pumzi.

Mchungaji akaomba. Jeneza liliteremshwa kwa kamba na watu wanne: Bomba, mjomba, na wana wawili wa mshonaji. Wifi alitupa udongo wa kwanza, mshonaji akafuata. Wanaume wakapokezana makoleo mpaka kaburi likajaa, wakausawazisha udongo. Wimbo mmoja ukaimbwa, beti zote. Baada ya baraka watu waliondoka taratibu, na mshonaji akamshika wifi yake mkono, wakarudi nyumbani.