Makopo Mawili ya Kalervo

Shemeji yangu Kalervo Hietala hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu mwaka mzima lilinikwama kooni. Alikuwa seremala, na nyumba yake na dada yangu juu ya kilima cha changarawe, hapa Hollola, Ufini, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, jioni baada ya kazi na Jumamosi zote, miaka minne. Kila ufa aliuziba. Wageni wakija wakati wa baridi kali, aliwasha kiberiti mbele ya dirisha ili waone moto hautikisiki.

"Humu haipiti hata pumzi ya panya," alijigamba.

"Siku moja tutawakuta mmekauka kama samaki wa moshi," nikamtania. Mungu anisamehe.

Dada yangu Aune alikuwa mfumaji wa mazulia ya matambara. Kitanda chake cha mfumi, ule mtambo wa kufumia, kilikuwa katika chumba cha chini, kilichochimbwa ndani ya changarawe, na huko alishinda tangu asubuhi, redio ikiimba. Hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Mvutaji nilikuwa mimi, na alinitoa nje nikavutie kwenye theluji.

Kisha watu wa kilimani wakaanza kupima radoni, gesi isiyoonekana wala kunuka, inayopanda kutoka ardhini na kujikusanya ndani ya nyumba. Kwa jirani yetu Tauno ilizidi kiwango cha usalama mara tano. Wanaume wakamsimanga kwenye sauna, bafu letu la mvuke: fundi gani huyu, kajenga juu ya sumu! Kalervo alicheka kuliko wote. Wiki hiyo hiyo Aune akaagiza vipimo kwa posta. Vikaja vikopo viwili vyeusi, vya kukaa ndani miezi miwili, kimoja chumba cha chini na kingine chumba cha kulala.

"Niachie mimi, nitaviweka," Kalervo akasema.

Akaviweka kwenye kibanda cha sauna kando ya ziwa, kibanda cha magogo kilichosimama juu ya mawe, upepo ukipita chini yake. Niliviona juu ya rafu Februari ile, nilipokwenda kuoga. Nikamuuliza.

"Nyamaza bwana, shemeji! Unataka na mimi nisimangwe kama Tauno?"

Nikacheka, nikanyamaza. Hilo ni langu, simsukumii mtu.

Majibu yakaja safi. Aune akaoka mkate wa iliki, akaalika majirani kwa kahawa, akarudi kwenye mazulia yake. Alifuma huko chini miaka kumi na moja zaidi, mpaka kikohozi kilipomwanza.

Daktari alipotaja saratani ya mapafu, aliuliza kama nyumba imewahi kupimwa radoni.

"Ilipimwa, daktari," Aune akajibu haraka. "Mume wangu ni mtu makini sana."

Kalervo akaitazama kofia yake mapajani. Mimi nikatazama dirisha. Daktari akasema hakuna awezaye kuapa saratani ya mtu mmoja imetoka wapi, akaandika alichoambiwa.

Machi, dawa zilipoacha kumsaidia, Aune alimshika mumewe mkono pale wodini.

"Nirudishe nyumbani, Kalervo. Hewa ya hapa inanikaba. Nitandikie kule chini, karibu na kazi yangu."

Kalervo akaanza kulia kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine, akasema yote. Aune alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeukia.

"Na wewe Hilkka, ulijua?"

"Nilijua."

Akageuza uso ukutani. Aliposema tena, hakusema na mimi.

"Umelala humo miaka yote hiyo na wewe. Nenda kapimwe mapafu, Kalervo."

Hakwenda. Tulimzika Aune mwezi Mei, na wiki iliyofuata Kalervo akachimba shimo kando ya msingi, akatia bomba na feni ya kunyonya ile gesi kutoka chini ya sakafu na kuitoa nje. Majirani walikuja na sepetu zao kumsaidia, akawarudisha. Msimu wa baridi ulipofika akaweka vikopo vipya, safari hii ndani, mahali pake. Namba ikatoka ndogo kabisa.

Alinionyesha ile barua jikoni. Nilidhani anataka nimpongeze, na sikuwa na pongezi.

"Siku tatu, shemeji," akasema. "Kazi yote ilikuwa ya siku tatu."