Bi Kamusi na Hadithi ya Nta

Bi Kamusi, kama wasikilizaji walivyomwita, alikuwa na mazoea yaliyowachosha wenzake redioni: hasemi asili ya neno lolote la Kiingereza hewani mpaka vitabu vitatu viafikiane. Alikuwa amefundisha lugha hiyo shuleni tangu ujana wake hadi kustaafu, na kipindi chake kifupi cha asili ya maneno ndicho kilichomtoa nyumbani.

Safari hii aliteleza. Mkurugenzi mpya alitaka kufuta vipindi visivyo na mvuto, naye Bi Kamusi kwa hofu akampelekea hadithi tamu aliyoisoma kwenye kitabu kimoja tu: kwamba "sincere", yaani mnyofu, neno ambalo watu hulitia mwishoni mwa barua kama "sincerely", lilianzia kwa wachongaji wa kale waliojisifu kwamba sanamu zao hazikuzibwa nyufa kwa nta: "sine cera", yaani bila nta kwa Kilatini. Mkurugenzi aliipenda. Aliitangaza wiki nzima kwa sauti yake mwenyewe.

Sasa mkurugenzi alikuwa ameketi nyuma ya kioo cha studio, amekunja mikono. Bi Kamusi akafungua kitabu cha pili kuhakikisha jambo dogo tu. Kilisema hadithi ya nta haikuwa na ushahidi wowote.

"Nimekwama," alimnong'oneza fundi mitambo. "Ile ya nta ni uzushi."

"Mama, tangazo linaisha. Isome tu. Nani atakwenda kuwauliza wachongaji?"

"Mimi nimeshajua."

"Na yule pale anajua mlango wa kukutolea." Fundi akainua kidole. Taa nyekundu ikawaka.

Bi Kamusi akasogea kwenye kipaza sauti. "Ndugu wasikilizaji, wiki nzima mmeahidiwa nta. Hakuna nta. Nilisoma upesi, nikaamini upesi." Kisha akaeleza alichokuwa na hakika nacho: neno lilitoka Kilatini, likimaanisha kitu safi, kisichochanganywa na kingine; Waingereza wa zamani walilitumia hata kwa vitu, kabla halijahamia kwenye moyo wa mtu.

Alipothubutu kutazama kioo, kiti kilikuwa kitupu. Mkurugenzi alimngoja mlangoni.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Mwalimu."

"Najua, bosi. Nilikuletea kitu kibichi. Kosa ni langu."

Mkurugenzi alikaza uso. "Kipindi kitabaki. Ila hewani moja kwa moja, basi tena. Utarekodi, nisikilize kwanza."

Sharti hilo lilimchoma, akalimeza. "Sawa. Na mimi nisikilize matangazo yako kwanza."

Fundi akajifanya anakohoa.