Majina ya Moto ya Bi Mwanamkisi

Pale mtaa wa Langoni, ukitaka jina la mtoto lenye moto ndani yake, unaelekezwa kwa Bi Mwanamkisi, mshona nguo za watoto wachanga. Ana daftari. Humo mna moto wa Kiarabu, wa Kiajemi, wa Kihindi, wa Kimeru, na hata wa Wazungu waliopita kununua kofia, ambao hakuwaacha waondoke kabla ya kuwauliza bila haya: "Kwenu, jina gani maana yake moto?" Wengine walidhani ana wazimu. Wengine wakamwandikia.

Mwalimu Emily, jirani yake kutoka Meru, ndiye aliyempa Mwanki, kwa kuwa kwao moto ndio mwanki. Emily mwenyewe alipojifungua mtoto wa kiume akaja kuuliza kama daftarini mna jina la kanisani. Akachaguliwa Aidan, la watu wa Ayalandi, maana yake kijimoto. Mzee mmoja wa mtaani naye alilitaka Azar, moto wa Kiajemi, kwa mjukuu wake. Akakumbushwa kwamba ndilo jina la yule mchonga masanamu, baba yake Nabii Ibrahim, akatoka mbio bila hata kuaga. Mwanamkisi alicheka hadi akajichoma kidole kwa sindano.

Sharti lake lilikuwa moja: jina moja, mtoto mmoja. Akishakupa, analishona kwenye shuka ya mtoto, analipiga mstari daftarini, na hata mwingine aje na machozi halipati tena. Watu walisema ni maringo ya fundi.

Hayakuwa maringo. Mimba zake mbili za mwanzo zilitoka zingali changa. Ya tatu ilifika miezi minane, mtoto akawa anapiga mateke usiku na mchana, na ndipo yeye na mumewe Idris wakathubutu kuzungumza habari za jina. Yeye akalichagua Jamra, kaa la moto kwa Kiarabu. "Kaa hata ulifunike jivu, moto wake umo," alimwambia Idris, mkono wa mume ukiwa juu ya tumbo lake. Mtoto alizaliwa wa kike, viungo vyote vizima, na baridi. Akazikwa kabla ya adhuhuri. Hakuadhiniwa sikioni, hakuchinjiwa, wala hakuna aliyemtaja kwa jina, maana kwa kina Idris mtoto asiyevuta pumzi hapewi jina.

Mwanamkisi hakubishana nao. Lakini miaka kumi na moja sasa, kila akimaliza kuswali huinua mikono akamwombea Jamra, kimoyomoyo, kwa jina lake. Hakumwambia mtu, hata Idris. Na majina mengine ya moto alianza kuyakusanya kama mtu anayemtafutia mwanawe wenzake wa kucheza nao.

Mwaka juzi daktari alimwambia hatazaa tena. Idris akaoa mke wa pili, Ruwaida, binti wa Faza, na Mwanamkisi ndiye aliyechagua kanga za arusi. Watu walimsifu kwa subira mpaka akachoshwa na sifa. Ruwaida alipojifungua binti kwao Faza, Mwanamkisi hakungoja kuombwa. Alipekua daftari siku tatu, akachagua Wahaj, mwako, jina alilowahi kumnyima tajiri mmoja wa mjini, akalishona kwenye shuka kwa uzi wa dhahabu.

Siku ya sita asubuhi Idris aliingia akitoka Faza kwa mashua, miguu ingali na maji ya bahari.

"Nimekuya kukutwaa," alisema. "Kesho ndiyo siku ya saba, mwana apewe jina."

"Ninalo." Akamkunjulia shuka.

Idris aliitazama, akatabasamu kwa haya. "Zuri. Lakini sisi tumeshapata. Tumemwita Jamra."

Mwanamkisi aliisikia sauti, maana yake ikachelewa kumfikia. Kisha akasema, "Jina hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Lile halikupata mwana." Idris akachuchumaa mbele yake. Alikuwa mtu mwema, maskini, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nimelitwaa kwa ajili yako, mke wangu. Ulilipenda sana. Nawe uwe na mwana wa kumwita. Ruwaida mwenyewe amefurahi."

Kumwambia ukweli wa dua zake kungemlazimu aanzie kaburini. Na kama Idris angesema yule hakuwa mtu, basi yeye asingeweza tena kulala nyumba moja naye. Akachukua wembe, akalifumua Wahaj uzi kwa uzi, akashona Jamra mahali pale pale. Mishono ikatoka imenyooka kama ya siku zote, na hilo likamkasirisha.

Kesho yake, huko Faza, nyumba ya kina Ruwaida ilijaa wanawake, mchuzi wa mbuzi wa akika aliyechinjiwa mtoto ukinukia mpaka barazani. Mtoto alikuwa akilia, habembelezeki. Ruwaida akampakatisha Mwanamkisi mtoto, kwa heshima, na macho yake yakiwa na hofu kidogo.

"Muite, dada. Wewe ndiye mama yake mkubwa."

Tangu siku ya maziko jina lile halijawahi kumtoka kwa sauti. "Jamra," aliita. Mtoto akanyamaza, akafumbua macho, mzito, mwenye joto, akawa anaitafuta ile sauti. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanamkisi alimpenda papo hapo, na hapo ndipo alipojua amekwisha, kwa sababu mtoto huyu hakuwa na kosa, wala yeye asingeweza kumnyang'anya jina.

Alasiri alijitenga chumba cha ndani akaswali. Alipoinua mikono, jina lilikuja kama lilivyokuja siku zote, lakini likaja na sura ya mtoto wa Ruwaida, anapumua. Akaanza upya. Sura ikawa ile ile. Akajaribu kusema "yule", kisha "yule wangu", na maneno yakawa kama ya kumwombea mtu asiyemjua. Kule nje walikuwa wanapokezana mtoto, Jamra huku, Jamra kule. Mwanamkisi aliishusha mikono kabla dua haijaisha, akabaki juu ya mswala, mama asiyejua mwanawe amwite nani.